Mafundi wa Ridhaa: Habari za Watu Waliochezea Redio Nyumbani

*Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Haya ni maneno yaliyosemwa hewani. Tumeyachapa ili mwanafunzi ayasome tena polepole, peke yake au pamoja na wenzake.*

Natumaini taa imewashwa, madaftari yamefunguliwa, na yule aliyekaa karibu na redio ameiongeza sauti ili hata walioko nyuma wasikie.

Juma hili somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya makarani, wakulima na vijana wa shule ambao jioni, kazi ikiisha, walikaa mezani na waya, misumari na vipande vya mbao, wakachezea mitambo ya redio. Hawakulipwa, wala hakuna aliyewatuma. Watu kama hao tutawaita mafundi wa ridhaa, maana yake ni watu wafanyao ufundi kwa kupenda, si kwa mshahara. Redio mnayoisikiliza sasa ina deni kwao, na usiku huu nataka tulitazame deni hilo.

Redio ya mjomba

Kwanza nitawaambia aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tano, mjomba wangu alikuwa na redio ya betri sita. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati, nazo zikapata nguvu kidogo za siku mbili tatu. Siku moja, mjomba yuko shamba, niliifungua redio ile kwa ncha ya kisu nipate kumwona mtu asemaye ndani. Mtu sikumwona. Niliona waya nyembamba, nyekundu na nyeusi na za manjano, na kabla sijajua nifanyalo, mbili zilikatika mkononi mwangu. Nikajaribu kuzirudisha, lakini nilikuwa nimekwisha sahau ipi ilitoka wapi. Jioni mjomba akarudi kusikiliza mpira, redio ikawa bubu.

Mjomba hakunipiga. Asubuhi alinishika mkono akanipeleka pamoja na redio kwa fundi sokoni. Fundi alizishika zile waya kwa risasi ya moto, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akanitazama akasema: "Kijana, kufungua si kosa. Kosa lako ni kufungua bila kuandika. Kabla hujagusa waya, chora mahali ilipo."

Wakati ule nilidhani ni maneno ya fundi mmoja tu wa sokoni. Baadaye, niliposoma habari za redio, niliona ya kuwa neno lile ndilo lililowafikisha mbali mafundi wa ridhaa wa dunia nzima. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Kijana wa darini

Mwaka 1895, karibu na mji wa Bologna huko Italia, kijana mmoja aitwaye Guglielmo Marconi alikuwa akifanya majaribio katika dari ya nyumba ya baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Wataalamu waliomtangulia walikwisha onyesha ya kuwa umeme unaweza kutoa mawimbi yaendayo hewani bila waya. Marconi alitaka mawimbi hayo yachukue habari. Mwaka ule alifaulu kupeleka alama ng'ambo ya kilima, zaidi ya kilomita mbili. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 alama ya herufi moja, yaani nukta tatu, ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza mpaka Newfoundland. Wazee wetu waliposikia habari za mambo haya waliyaita "simu ya upepo".

Basi niwaeleze wimbi ni nini. Ukitupa jiwe katika bwawa la maji, maji hupanda na kushuka, na duara hutawanyika. Kutoka mgongo mmoja wa maji mpaka mgongo unaofuata, huo ndio urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio nayo yana urefu wake. Mengine ni marefu, mita elfu kadha wa kadha. Mengine ni mafupi, mita 200, au 100, au 20. Likumbukeni sana jambo hili, kwa maana kisa chetu chote kimesimama juu yake.

Sharubu la paka

Mitambo ya kwanza ilikuwa ya gharama. Lakini punde ikajulikana ya kuwa vipo vijiwe vya madini viwezavyo kuyanasa mawimbi ya redio. Mmoja wa waliolitambua jambo hilo ni Jagadish Chandra Bose, mwalimu wa chuo huko Calcutta, Bara Hindi, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake nchini Marekani mwaka 1904. Kijiwe kilichopendwa sana ni cha madini ya risasi, chenye kung'aa kama kioo kilichovunjika.

Sasa tumtazame fundi wa ridhaa wa siku zile, usiku, nyumbani kwake. Amechukua mkebe wa karatasi ngumu uliotoka jikoni, akauzungushia waya wa shaba mara nyingi, mzunguko kando ya mzunguko, bila kuacha nafasi. Waya mrefu ameufunga juu ya mti nje ya nyumba. Huo ndio antena. Waya mwingine ameushusha ardhini. Mezani ameweka kijiwe chake, na juu ya kijiwe kuna kiwaya chembamba sana, kilichoitwa "sharubu la paka". Masikioni amevaa visikizio.

Redio hii haina betri. Nguvu yake yote yatoka katika wimbi lenyewe lililonaswa na antena. Kwa hiyo sauti yake ni ndogo kama mnong'ono, na nyumba nzima hunyamazishwa. Fundi hukigusa kijiwe kwa sharubu: hapa, kimya. Pale, kimya. Husogeza kidogo, kimya tena. Mara, tiki tiki, anaisikia meli iliyoko mbali baharini ikizungumza! Kisha mtoto anapita akiigonga meza, sharubu linaruka, na meli imepotea. Huanza upya.

Kila fundi alijifunza upesi ya kuwa akili ya mtu husahau. Ni wapi juu ya kijiwe alipogusa? Ni saa ngapi? Waya ulizungushwa mara ngapi? Kwa hiyo kando ya redio aliweka daftari, akaandika tarehe, saa, jina la kituo, nguvu ya sauti na hali ya hewa.

Mawimbi ya makombo

Haukupita muda mrefu, mafundi hao wakaanza kutuma alama zao wenyewe. Katika Marekani walikuwa wengi mno, na kelele zao ziliingiliana na mazungumzo ya meli na ya jeshi la majini. Tarehe 15 Aprili 1912 meli kubwa ya Titanic ilizama, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Siku zilizofuata, habari za redio zilichanganyika, za kweli na za uongo, na lawama ikawaangukia mafundi wa ridhaa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ikatoka sheria mpya: fundi wa ridhaa lazima awe na leseni, na asitume kwa wimbi lililo refu kuliko mita 200.

Kwa nini mita 200? Kwa sababu wakati ule wataalamu waliamini ya kuwa wimbi likiwa refu zaidi ndipo lifikapo mbali zaidi. Vituo vikubwa vya kuvuka bahari vilitumia mawimbi ya maelfu ya mita, na antena zilizoenea kama shamba. Wimbi fupi lilihesabiwa kuwa halina faida. Basi mafundi wa ridhaa walipewa makombo, kama mtu aliyegawiwa kichaka cha mawe wakati wenzake wamechukua bonde lenye rutuba.

Walifanya nini? Walilima kichaka chao. Mwaka 1914, Hiram Percy Maxim wa mji wa Hartford alisaidia kuanzisha chama cha mafundi hao. Shabaha yake ilikuwa kupokezana ujumbe: asiyeweza kufika mbali humpa jirani, na jirani humpa jirani yake. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Kuu, serikali iliamuru vituo vyote vya ridhaa vifungwe. Waliruhusiwa tena mwaka 1919.

Mmoja wao alikuwa Frank Conrad, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme ya Westinghouse. Hakusoma shule kwa miaka mingi, bali alijifunza kwa mikono. Juu ya banda la gari nyumbani kwake, karibu na mji wa Pittsburgh, alikuwa na mtambo wa kutuma sauti. Mwaka 1919, akiwa amechoka kusema maneno matupu, aliweka santuri mbele ya mtambo. Mafundi wenzake waliokuwa wakisikiliza walishangaa kusikia muziki, wakamwandikia barua: tupigie tena, tupigie wimbo fulani, saa fulani. Sahani zake zilipokwisha, mwenye duka la santuri alimwazima nyingine kwa sharti alitaje duka lake hewani. Kampuni yake ilipoona duka jingine mjini linauza redio ili watu wapate kumsikiliza Conrad, ilijenga kituo chake, KDKA. Kituo hicho kilianza tarehe 2 Novemba 1920, kwa kutangaza matokeo ya uchaguzi wa Rais wa Marekani. Angalieni, wasikilizaji: barua za watu wa kawaida zilikuwamo katika mwanzo wa kazi hii ya utangazaji.

Hema ya Ardrossan

Sasa turudi kwenye kichaka cha mita 200. Je, wimbi fupi la fundi wa ridhaa laweza kuvuka bahari? Wengi walisema haiwezekani. Wengine walisema, "Mimi nalisikia usiku mmoja sauti ya mbali sana!" Lakini nani atamwamini mtu asemaye kuwa alisikia kitu usiku, peke yake, akiwa amevaa visikizio?

Kwa hiyo mwaka 1921 chama kilimpeleka Paul Godley kutoka Marekani mpaka Scotland. Alipiga hema pwani, mahali paitwapo Ardrossan. Ulikuwa mwezi wa Desemba, baridi na mvua na upepo wa bahari. Alitandaza antena ndefu juu ya nguzo fupi, akakaa ndani ya hema usiku baada ya usiku. Hakukaa peke yake. Kando yake alikaa shahidi, mtu wa kampuni ya Marconi, na kila kilichosikika kiliandikwa pamoja na saa yake.

Usiku wa tarehe 11 Desemba walipokea ujumbe kamili kutoka kituo cha ridhaa kilichokuwa Greenwich, Connecticut, ng'ambo ya Atlantiki. Kabla ya kuvunja hema walikuwa wamesikia vituo vya Marekani zaidi ya 20. Maneno ya daftari yalipolinganishwa na maneno yaliyotumwa, yalikuwa sawa. Bishano likaisha.

Lakini kusikia si kuzungumza. Mwaka 1923 Léon Deloy, fundi wa ridhaa wa mji wa Nice katika Ufaransa, aliwaarifu wenzake wa Marekani ya kuwa atatuma kwa wimbi la mita 100, fupi kuliko yote waliyozoea. Mwishoni mwa Novemba, Fred Schnell alimsikia akiwa Connecticut, akamjibu, na Deloy akalisikia jibu. Kwa mara ya kwanza mafundi wa ridhaa wawili walizungumza kuvuka Atlantiki. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri wimbi lilivyopunguzwa urefu, ndivyo sauti ilivyozidi kuwa na nguvu.

Shamba la kondoo

Tarehe 18 Oktoba 1924, Frank Bell, aliyekuwa kwenye shamba la kondoo la jamaa yake huko New Zealand, alizungumza kwa alama na Cecil Goyder, kijana wa shule ya Mill Hill katika London. Kati yao palikuwa na kilomita 19,000 hivi. Katika dunia hii huwezi kwenda mbali sana zaidi ya hapo, maana ukizidi sana, umeanza kurudi. Na mitambo yao haikuwa ya serikali wala ya kampuni kubwa. Baadaye Frank alipoishughulikia zaidi kazi ya shamba, dada yake, Brenda Bell, alikishika kituo kile. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza wa New Zealand kuendesha kituo cha ridhaa, na mwaka 1927 alikuwa mtu wa kwanza wa nchi yake kuzungumza kwa redio na Afrika Kusini.

Mtauliza: wimbi fupi lapata wapi nguvu hiyo? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Huko mbali angani kuna tabaka la hewa iliyotiwa umeme na miali ya jua. Wimbi fupi hupanda, hupiga tabaka hilo, hurudi chini, hudunda tena, kama mpira kati ya sakafu na dari. Wataalamu wawili, Kennelly na Heaviside, walilikisia tabaka hilo tangu mwaka 1902. Mwezi wa Desemba mwaka 1924 Edward Appleton alifanya majaribio Uingereza akathibitisha ya kuwa lipo, na mwaka 1947 alipewa tuzo ya Nobel.

Tusimnyime mtu haki yake. Marconi na mafundi wake nao walikuwa wakiyajaribu mawimbi mafupi miaka ileile. Lakini mafundi wa ridhaa walikuwa na kitu ambacho kampuni moja haina: maelfu ya masikio katika nchi nyingi, kila usiku, na maelfu ya madaftari. Madaftari yalipowekwa pamoja ndipo ilipoonekana ya kuwa wimbi hili lapenda giza, na hili lapenda mchana. Wakapeana pia kadi za posta: "Nilikusikia tarehe fulani, saa fulani, sauti yako ilikuwa hivi." Desturi ya kadi hizo ingaliko hata leo.

Na nini kikatokea kichaka kilipoonekana kuwa na rutuba? Mwajua tabia ya wanadamu. Serikali na makampuni walirudi kukitaka. Katika mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1927, mawimbi mafupi yaligawanywa, na mafundi wa ridhaa wakabaki na vipande vyembamba tu: karibu na mita 160, 80, 40, 20 na 10, pamoja na vingine vifupi zaidi. Ndiyo historia, aliyefyeka si yeye avunaye yote. Lakini vipande vile waliandikiwa kwa sheria ya mataifa, na mpaka leo bado ni vyao.

Mpaka kwetu

Sasa mwaona jinsi habari hii inavyotufikia. Tarehe 19 Desemba 1932 BBC ya London ilianza kutangaza kwa nchi za mbali, kwa njia ya mawimbi mafupi yaleyale. Mwaka 1951 utangazaji ulianza Dar es Salaam. Tarehe 27 Juni 1957 BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mtu wa Tabora au Lamu aliweza kuzungusha kitufe usiku akasikia Kiswahili kutoka maelfu ya kilomita. Sauti ile ilipita katika makombo waliyopewa mafundi wa ridhaa mwaka 1912.

Mafundi wa ridhaa wapo hata katika nchi zetu, wenye leseni na majina yao ya hewani. Majina ya Tanzania huanza kwa 5H, ya Kenya kwa 5Z, na ya Uganda kwa 5X. Na wapo wengine wasio na jina la hewani: kijana afunguaye simu mbovu chini ya mwembe, mama aliyejifunza kuunga waya za taa ya jua, mzee atengenezaye saa.

Kwao, na kwenu, nina neno moja. Wengi katika madarasa haya wamewahi kuniambia: "Bwana, mimi ni mtu mzima, mikono yangu yajua kazi, kuandika kutanifaa nini?" Swali hilo ni la haki. Mimi nawajibu kwa hema ya Ardrossan. Godley alikuwa na masikio mazuri, lakini masikio yake peke yake yasingemaliza bishano. Kilichomaliza ni karatasi yenye saa na maneno. Mikono yako ikijua jambo usiliandike, utakufa nalo, au utabishiwa nalo na mtu asiyelijua. Ukiliandika, mtu wa ng'ambo ya bahari aweza kulishika pale ulipoliacha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma habari za saa na kalenda. Kwaherini, na usiku mwema.

Maneno ya kujifunza

*Ridhaa*: kupenda mwenyewe, bila kulazimishwa wala kulipwa.
*Antena*: waya unasao mawimbi ya redio.
*Visikizio*: vyombo vya kuvaa masikioni ili kusikia sauti ndogo.
*Leseni*: ruhusa ya serikali iliyoandikwa.
*Shahidi*: mtu aliyeona au kusikia jambo, awezaye kulithibitisha.

Maswali

1. Kwa nini mafundi wa ridhaa walipewa mawimbi mafupi mwaka 1912?
2. Redio ya kijiwe haina betri. Nguvu yake yatoka wapi?
3. Kwa nini shahidi alikaa ndani ya hema pamoja na Godley?
4. Wimbi fupi hufikaje upande wa pili wa dunia?
5. Mkutano wa mwaka 1927 uliwatendea haki mafundi wa ridhaa? Jadilianeni, kila mtu atoe sababu yake.

Kazi ya juma

Kwa usiku saba, sikiliza redio kwa saa ileile. Andika tarehe, saa, jina la kituo, na kama sauti ilikuwa nzuri au mbaya. Usiku wa nane mlinganishe madaftari yenu darasani. Asiye na redio nyumbani, achague kazi yoyote ya mikono aijuayo, aandike hatua zake moja moja, hata mtu asiyemjua aweze kuifuata.